Soksi ya Wavu

Mstafeli wangu, nieleze tena, polepole.
Majani yako ya zamani yanang'aa kama viatu vya harusi,
lakini kila chipukizi unalotoa
linafika urefu wa ukucha, linapinda,
linakuwa jeusi nchani na kudondoka.
Hii ni mara ya nne tangu Januari.

Kwanza nililaumu dirisha.
Baridi ya Chemnitz ina vidole, huingia hata palipozibwa kwa tepu.
Nikakusogeza. Ukaungua vilevile.
Nikailaumu hita, inayokaanga hewa usiku kucha;
nikatundika mataulo mabichi huku na huku
mpaka Khiêm akauliza kama tumefungua udobi.

Nikakukagua kwa lenzi ile ile
niliyokagulia nyuzi kiwandani:
hakuna utitiri, hakuna vidugamba.
Ukingoni mwa chungu, ukoko mweupe. Nikauonja.
Chumvi. Mbolea yangu hiyo,
kijiko kizima palipotosha nusu.
Nikakuogesha bafuni, ndoo tatu za maji,
nikakuomba radhi kwa lugha ya mama.

Wiki mbili.
Chipukizi. Ncha nyeusi.

Bwana Uhlig wa ghorofa ya pili akapanda kukutazama.
Akashika kidevu, akanishauri ninunue wa plastiki.

Jumapili tukatandika magazeti jikoni.
Khiêm akakumbatia chungu, mimi nikashika shina,
tukavuta kama watu wanaomzalisha ng'ombe.
Ukatoka na harufu ya kisima kilichofunikwa.
Na hapo, katikati ya udongo, chini kidogo ya shingo,
soksi ya wavu, ndogo kama ngumi,
uliyovishwa kitaluni ukiwa mche wa vidole viwili
na mimi nikakupanda nayo, miaka sita iliyopita.
Mizizi iliyotoboa imenenepa nje,
imebanwa kiuno ndani ya kila tundu.
Kikulacho, kumbe. Nguoni kabisa.

Nilipofika hapa mji ulikuwa na jina jingine.
Kiwanda kilitugawia makoti, saizi moja kwa wote.
Langu lilinikata makwapani misimu mitatu.
Sikusema. Kwa lugha yao nilikuwa na "asante",
na "zamu", na "haraka";
neno la kubana sikuwa nalo bado.

Nikaleta mkasi wa kazini, ule wa ncha nyembamba.
Uzi kwa uzi, mpaka saa nane usiku.
Khiêm alishika tochi, akasinzia, akashika tena.
Mizizi iliyooza niliikata. Mingine sikuwa na hakika,
nikaiacha.

Leo ni siku ya kumi na tisa.
Kwenye fundo la tawi la kushoto kuna kitu,
kidogo kama kichwa cha kiberiti.
Cheusi, nasema mimi.
Kijani kilichokolea, anasema Khiêm,
na miwani yake ni ya zamani kuliko yangu.
Tumezima taa.
Hakuna aliyekwenda kulala.