Kope za Kubandika

Studio ya Chidumizi ipo Majengo, nyuma ya duka la mbolea,
unapanda ngazi ya chuma inayolia kila ukikanyaga.
Jumamosi, saa tisa mchana. Upepo wa Agosti
umeibeba nusu ya Dodoma na kuimwaga kwenye pazia lake jeusi.
Tulikuwa watatu, Hosiana, Merisiana na mimi,
tumechanga elfu kumi na tano kila mmoja
tupigwe picha tukiwa wanga.

Hosiana alileta kaniki tatu na kibuyu cha mtindi,
Merisiana ufagio wa chelewa,
mimi nikaja na ungo.
"Wa kweli huu?" Chidumizi akauliza, akaunusa.
"Umepeta uwele miaka thelathini."
"Umewahi kuruka?"
Tukacheka. Kila mtu anajua ungo unaruka,
hakuna aliyewahi kuukatia tiketi.
"Basi kaa ndani yake."
"Ungo haukaliwi, utavunjika."
"Huyo alishavunja ungo zamani," Merisiana akasema,
na ngazi yote ikasikia kicheko chetu.

Kisha binti wa vipodozi akanikalisha kwenye kiti cha plastiki,
akanipaka masizi ya dukani, elfu nane kikopo,
wakati kwetu yananing'inia bure darini.
Akanitia lenzi nyekundu, kulia, kushoto.
Akafungua kiboksi cha kope.
"Angalia juu, dada. Usipepese."

Usipepese.
Neno hilo nililisema mimi, nina miaka minane,
Handali, mlangoni pa tembe, kabla mbuzi hawajatoka.
Bibi Matika amekalia kinu kilicholazwa,
uso ameuelekeza kwenye mwanga.
Kope zake zilikuwa zimegeuka, zinaota kwa ndani,
zinakwaruza mboni kama majani ya mtama.
Zahanati waliuita ugonjwa huo vikope, wakampa tyubu ya dawa.
Kisimani waliuita jina jingine, wakampisha njia.
Ndoo yake ikawa inajaa ya kwanza siku zote.
Mimi nilikuwa na macho makali na kibanio cha mjomba.
Moja. Nyingine. Ile fupi inayojificha.
Nilimwekea kiganjani, akazipapasa kwa kidole,
akazipuliza.

Mchawi mpe mwana amlee, wanasema,
na mama, alipokwenda Morogoro kutafuta kazi,
alinipa.
Nikalelewa. Nikala mlenda na ugali wa uwele,
nikafutwa kamasi kwa ncha ya kaniki,
nikafundishwa kupeta: pumba za upepo, punje zako.
Usiku sikumwona akienda popote
zaidi ya kutoka kukojoa, kanishika bega.

Kuna usiku walitupiga mawe.
Paa la udongo halipigi kelele,
yalitua kama nyayo za mtu mzito.
Asubuhi akayaokota, yalikuwa matano.
Matatu akayafanya mafiga.

"Tayari," binti akasema.
Kwenye kioo, macho mekundu,
kope ndefu kama miiba ya mgunga.
Hosiana akapiga yowe la furaha.

Chidumizi akatupanga, akaniweka katikati na ungo wangu kifuani.
"Haya, tisheni!"
Hosiana akakenua. Merisiana akakunja kucha.
Mimi sikujua mtu anatishaje.
Mkono ukanyanyuka wenyewe,
gumba na kidole cha shahada vikakutana,
vikabana kitu chembamba kisichoonekana,
taratibu, kama vinavyoogopa kuumiza.
"Hapo hapo! Usiushushe huo mkono!
Huo ndio unatisha kuliko yote."

Jioni nilizibandua. Pamoja nazo
ikatoka moja ya kwangu. Sikuipuliza.
Ungo umerudi msumarini
na vumbi la pazia la Chidumizi.
Kesho nitaupiga kwanza makofi mawili matatu
ndipo nipete mchele.