Siku Kumi na Nne

Mimi ndiye niliyemuuzia dawa.
Kaunta yangu iko nyuma ya soko la Mbuyuni,
duka la pembejeo, geti la kijani,
harufu yake haitoki shatini hata kwa sabuni ya mche.
Chupa ina fuvu, na chini ya fuvu
maandishi madogo kama chawa:
usivune kabla ya siku kumi na nne.
Nikamsomea kwa sauti, ndiyo kazi yangu.
Kundaeli wa Mabogini akacheka kwa adabu:
"Gulio ni keshokutwa, kaka.
Mwenye nyumba wangu hana siku kumi na nne."
Nikamrudishia chenji yake.

Nyumbani Pasua, Eliaika amepanga mezani
nyanya sita za duka jipya la Shanty Town,
zimelala kikapuni utadhani mayai ya kutotolesha.
"Ni za kilimo hai."
"Za Hai? Mbona umeenda mbali?"
"Hai, baba Aminieli. Hai ya uhai. Acha utani."
Kiasi gani?
Elfu tatu.
Nikazihesabu upya, labda moja imejificha.
Kwa elfu tatu, Mbuyuni, napewa nusu sado
na mama muuzaji hunitupia moja juu:
"Chukua na hii, ya mtoto."

Ya mtoto.
Hapo ulimi ukanigandia.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya umeme.
Mchicha, mara tatu ya bei.
Karoti, mara mbili na ushee.
Mayai nikayaruka.
Tukila hivyo, gesi inakata tarehe kumi na sita,
na Aminieli anarudishwa shuleni kwa ada
akiwa na damu safi kabisa.
Rahisi ghali, walisema waliotutangulia.
Hawakusema, basi, ghali yenyewe ni nini.

Mama yangu, Kibosho, hakuwahi kununua mnavu.
Uliota wenyewe chini ya migomba,
karibu na zizi, na hatukuuita hai,
tuliuita mboga, tena kwa kununa.
Sasa kile kihamba tumegawana ndugu watano.
Fungu langu ni migomba mitatu
na mahali pa kuzikwa.

Kwa hiyo nyumba yetu ina nyanya za matabaka mawili.
Zile za kikapuni ni za Ndeshi,
ana miaka miwili, anazing'ata mbichi
hadi maji yanamfika kiwikoni.
Zetu zinalowekwa chumvi, zinamenywa,
zinachemshwa mpaka zisahau zilikotoka.
Aminieli ameuliza kwa nini yeye hang'ati.
Mama yake akamwambia, wewe umeshakua.
Ana miaka tisa.

Juzi nilikuta funza katika nyanya ya Ndeshi,
mnene, mweupe, ana afya yake.
Sikumwita Eliaika.
Nilimtazama yule funza kwa furaha
kama mtu aliyepewa risiti halali.

Leo Kundaeli amerudi. Chupa ileile.
Nikamsomea tena, siku kumi na nne,
naye akaitikia kama anayeitikia sala.
Nikamuuliza, si kwa ubaya:
"Na zile mnazokula nyumbani?"
"Za nyumbani?" Alinishangaa.
"Nina matuta manne nyuma ya jiko.
Yale siyapigi dawa. Nina watoto."

Feni ilizunguka. Mafuvu yote rafuni
yakanitazama mimi, si yeye.
Nikasema, niuzie basi, hata kilo moja,
nitakupa bei ya Shanty Town.

Alifunga chupa ndani ya gazeti, taratibu,
akaiweka mfuko wa ndani wa koti.
"Zile haziuzwi, kaka," akasema,
akanyoosha mkono
kusubiri chenji.