Zabuni ya Theluji

Mara ya kwanza Bohdana alisahau mhuri.
Ya pili, alifika dakika nne baada ya sanduku kufungwa.
Ya tatu, bei yake ilikuwa chini mno;
wakasema, huyu atatukimbia Januari.

Hakununa. Alirudi halmashauri ya Ružomberok
na daftari: "Nionyesheni nilipoanguka."
Karani, aliyezoea matusi, akamvutia kiti.

Ya nne aliandika pamoja na Vendelín, mwenye trekta;
yeye alileta makoleo, chumvi, na wanawake sita
wanaoamka saa tisa usiku.
Alihesabu dizeli. Alihesabu hata glavu.

Barua imefika: viwanja vya shule tatu, vyao.

Tangu jana anachungulia dirishani.
Mbingu kavu, nyota tele.
Anguka basi, nawe!