Pungufu kwa Sentimita Nne

Oldřich Vávra hasalimii watu, husalimia vyuma.
Aliingia ghalani na theluji mabegani,
akalipita koti la marehemu baba msumarini, akanipita na mimi,
akaushika usukani wa pikipiki
kama daktari ashikavyo kifundo cha mgonjwa,
akafumba macho.

"Wa kiwandani," nikamwuliza, "au wa kuiga?"
"Ngoja."

Akaugonga kwa kucha. Bomba la kuiga hulia ti;
huu ulilia dum, umeshiba.
Kipimo kikauma chuma kwa taya zake:
milimita ishirini na mbili. Kikatulia.
Kisha katikati, pale vibano viwili vinapoukaba,
akakwangua grisi iliyogeuka nta
zikatokea chale ndogondogo, msalaba juu ya msalaba,
chuma kilichochanjwa kisiteleze.
"Waigaji husahau chale," alisema. "Au huzichanja mno."
Tundu la waya wa honi lilikuwepo chini,
kingo zake laini, si za keekee ya jana.

Nikaanza kufurahi. Bwana Pichler wa Linz
ameahidi bei ya kuezeka nyumba nzima upya
kwa sharti moja alilolipigia mstari:
kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani.

Ndipo Vávra aliporudi nyuma hatua tatu,
akafinya jicho moja.

"Umepinda."

Mshikio wa kulia umekaa mahali pake.
Wa kushoto umerudi nyuma, umeingia ndani,
kama mtu aliyevutwa nguo katikati ya mazungumzo.
Akapima. Akapima tena.
Pungufu kwa sentimita nne.

"Ajali," nikasema. Kwetu tulisema hivyo siku zote:
baba, mtaro, mwaka wa hamsini na saba, bata wa jirani.
Kila Krismasi bata yule alizidi kunona.

Vávra hakujibu. Alisugua lile pindo kwa kitambaa
mpaka kutu ikabanduka na kromu ikakiri:
doa la buluu, buluu ya shingo ya njiwa,
pembeni zambarau.
"Ajali haina tanuri," alisema.
"Huu umepashwa moto polepole, na mtu mwenye subira.
Bomba lilijazwa mchanga lisikunjamane.
Samaki hukunjwa mbichi. Chuma, mpaka kiive."

Nikaenda ndani, nikapekua bati la biskuti.
Picha ndogo, kingo za menomeno:
barabara ya Třebíč, miti ya plamu imechanua,
na juu ya pikipiki, mbele, mama.
Bohumila, mkunga wa vijiji saba,
kitambaa kichwani, mdomo umekaza kama anahesabu.
Baba yuko nyuma, amekumbatia kapu,
anaogopa.

Mkono wa kushoto wa kila gauni la mama
ulikunjwa upindo mara mbili.
Niliyafua magauni yale, nikayapiga pasi, nikayaanika.
Sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo bata hakuwepo.
Kulikuwa na mtu aliyefua bawaba mchana,
na usiku akakoleza moto kwa ajili ya mkono mmoja,
kisha akajisingizia mtaro
ili majirani wacheke upande wake.

Niliketi juu ya kiti kilichopasuka.
Mikono yangu ni sawasawa, hiyo ndiyo shida:
kiwiko cha kushoto kikanigonga mbavu.

Vávra akaandika katika daftari lake lenye mafuta:
*Usukani: wa asili.*
Akalamba penseli, akafikiri, akaongeza:
*Usinyooshwe.*
Akachukua chupa yake ya pombe ya plamu, akaondoka,
bila kuniaga, bila shaka, ila kile chuma
alikigusa mara moja akipita.

Bwana Pichler nimemwandikia mistari miwili.
Paa bado linavuja.
Nimeweka ndoo, na pikipiki nimeisogeza
kidogo, upande wa kulia.