Darasa Limejaa

Gari la Daktari Tizzard liliwahi kuwa la mikate.
Chini ya rangi nyeupe bado suke moja la ngano
linachungulia, manjano, karibu na tairi.
Limeletwa Gannet Arm kwa feri, saa tatu za baridi,
hadi ncha hii ya Newfoundland isiyo na barabara,
likaegeshwa uwanja wa shule. Ndipo penye umeme wa kutosha.

Shule yenyewe ilifungwa mwaka ule Cyril Buffett
alipomhamisha binti yake, mtoto wa mwisho,
na begi lake la waridi.
Paka hawakupata barua.
Kiwanda cha samaki kilipozimwa, sisi tulipewa hundi na kalenda;
wao waliachiwa mapipa, harufu na njaa,
wakaongezeka chini ya gati
kama riba.

Paka shume. Hawana bwana, hawana bakuli.
Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa.
Hawa, nyumba ndiyo iliyoondoka.

Usiku wa jana mimi na Una Snook tulitega.
Vizimba thelathini, sadini za kopo, magazeti ya zamani.
Una ana nyonga ya chuma; alipiga magoti hata hivyo,
akitukana kwa sauti ya kubembeleza:
"Njoo, mwizi wewe. Njoo, shetani mwenye masharubu."
Mlango ukaanguka, ta!
na giza lote likaanza kunguruma.

Kuna jambo sijawahi kumwambia Una.
Nilipokuwa na miaka tisa baba alinipa gunia.
Lilikuwa jepesi. Lilikuwa na joto.
Jiwe alilichagua yeye, mahali nikapachagua mimi.
Hakuwa mkatili, baba. Alikuwa na watoto saba na mashua ya mkopo,
na huruma nayo ilitaka hela.
Maji yakafunga mdomo.
Nikarudi nyumbani, nikala viazi.

Leo huruma imekuja na magurudumu manne,
na sindano, na uzi unaoyeyuka wenyewe.
Daktari ana mikono midogo. Dume dakika nane, jike ishirini.
Anafunga kizazi huku akiuliza ni nani aliyesahau chai.
Kisha anakata ncha ya sikio la kushoto, kidogo tu,
ili atakayemnasa mwakani amwache aende zake:
huyu keshalipa.

Tuliwalaza darasani, wamelewa dawa,
kizimba juu ya kila dawati, blanketi juu ya kila kizimba.
Ukutani herufi bado zimejipanga, zinangoja kutajwa.
Una akasimama mlangoni, akahesabu kwa kidole:
ishirini na saba.
"Darasa limejaa," akasema, akacheka,
halafu hakucheka.
Una alizaa mara nne. Wote wako Alberta, na simu.

Nami nikajiuliza, kwa aibu kidogo,
tumepata wapi ujasiri wa kuzima vilio vya usiku
katika kijiji ambacho hakijasikia mtoto mchanga kwa miaka minane?
Sina jibu. Najua tu kwamba Februari
niliwaona watano chini ya ngazi za kanisa,
macho hayajafunguka bado, wameganda wakiwa wamekumbatiana,
na Una akiwabandua kwa sepetu, taratibu,
kama anayeogopa kuwaamsha.

Asubuhi tukafungua milango gatini.
Dume moja la rangi ya chungwa, uso umechanika kwa vita vya zamani,
likatoka bila kugeuka,
likakojolea buti langu,
likaenda zake.

Gari likapanda feri.
Una akabaki kukunja magazeti yaliyosalia.
Ukurasa mmoja ulikuwa wa matangazo ya vifo.
Akausoma wote kwanza, midomo ikicheza,
ndipo akaukunja.