Nusu Milimita

Matsumoto, Februari. Theluji imepanda hadi kwenye dirisha.
Teruhiko alikuja na gitaa la umeme la marehemu kaka yake,
akalilaza mezani kwangu taratibu, kama mtoto mwenye homa.
"Vidole vinauma," akasema. "Niwekee freti zilizoinuka."

Nikapima. Zile za zamani zilikuwa zimelika,
hata milimita moja hazifiki.
Ukibonyeza, ncha ya kidole inatua kwenye mpingo,
inasugua, inakwama, inajua kwamba mti ni mti.
Ukivuta uzi upande sauti, unaburuta na ubao.
Ndivyo kaka alivyopiga miaka thelathini
katika baa ya chini ya ardhi, nyuma ya stesheni,
akikandamiza kama mtu anayeziba bomba lililopasuka.

Nilizipasha moto, nikazing'oa kwa koleo,
ishirini na moja,
kila moja ikitoka kwa mlio mdogo, kama jino bovu.
Ya kumi na mbili ilikuwa na bonde chini ya uzi wa pili.
Si mkwaruzo. Bonde.
Teruhiko akatia ukucha ndani yake, ukaenea.
"Hapa," akasema, "ndipo alipokuwa akikaa."

Nikagongomea mpya. Tupa, msasa, kitambaa.
Nusu milimita zaidi, unene wa kucha,
nani angeiona?

Akapiga. Kila sauti ikapanda kupita ilipotakiwa,
chungu, kali, ndimu changa.
Akanitazama kana kwamba nimemwibia.
Usibonyeze, nikamwambia.
Ubao sasa uko mbali, usiutafute.
Uzi ukigusa chuma, basi, yametosha.
Gusa kama unavyomgusa bega
mtu aliyelala, usiyetaka aamke.

Mkono wake haukuujua upole huo.
Ulikuwa umefunzwa na mkono mwingine.
Chai ikapoa. Nikawasha taa. Nikarudi kwenye kazi yangu
nikijifanya sisikii.

Kisha uzi wa pili, freti ya kumi na mbili:
akauvuta kidogo tu, nao ukaenda,
ukaenda kabla hajamaliza kuuomba,
kwa wepesi uliomfanya acheke,
halafu akaona haya.
"Kaka angechukia hili," akasema.
"Angekata nyuzi zote usiku wa kwanza."
Na akauvuta tena.

Akalipa. Freti za zamani akaziomba, nikazitia kwenye bahasha.
Mlangoni, kabla ya kuvaa glavu,
akaitikisa karibu na sikio
kusikia kama zimo zote.