Ritifaa

Programu ya kwanza tuliinunua kwa dola,
imefungwa kama kopo, na kila Januari ada yake.
Kujumlisha ilijua. Ushuru ilijua.
Ng' haikuijua.

Na kanga huuzwa kwa jina, si kwa rangi.
Mteja haingii Mtaa wa Biashara
akasema nipe ile nyekundu ya maua.
Husema: nipe Ukining'ong'a Nang'ara,
doti tatu, za arusi, na usinikatie bei ya wageni.
Nikiandika, mashine ikifika kwenye kale kamkia
kanakoning'inia juu ya mstari
ilikata.
Ghalani tukawa na korja kumi za Ukining,
korja nne za Ng,
ng'ombe na nunduye wamechinjwa kwa kisu kimoja.

Nikapiga simu Nairobi. Nairobi wakasema andika.
Nikaandika. Likanijibu jina lisilo na mtu:
ombi lako limepokewa.
Mwaka wa pili sasa, limepokewa.

Ami Awadhi, mwenye duka, akarudia daftari la jalada jekundu.
Ng' yake aliitia ritifaa ndefu kama ndoana,
kisha akanitazama.
Hakusema neno, na nilimsikia.

Tima Shebwana alikuja kumnunulia nyanyake,
akachungulia kioo, akacheka.
"Hii yenu ina kufuli. Mie nna ya huria."
"Bei gani?"
"Bure."
"Cha bure," akasema Ami, "kina mwenyewe nyuma yake."
"Kina wenyewe, Ami. Wengi, na hawajuani.
Lile birika la sabili pale pembeni mwa msikiti,
maji yake ya nani?"
"Ya anywaye."
"Basi."
"Na likivuja?"
Hapo Tima hakujibu. Alikuwa keshaketi.

Akaiweka. Nayo ikakata ng' vilevile.
Ami Awadhi akacheka hadi akavua miwani.

Tofauti ilikuwa moja: hii ilifunguka.
Tima akashuka ndani ya msimbo, mstari kwa mstari,
kidole kwenye kioo, makombo ya mahamri kwenye vibonye,
mpaka mia mbili na kumi na mbili.
"Huyu hapa. Si mwovu,
hajawahi tu kuitwa jina lenye pengo katikati."
Akarekebisha maneno manane
akayatuma walikotoka.

Siku sita kimya. Ya saba, mtu tusiyemjua
akauliza swali moja, la maana, akapokea.
Mwezi uliofuata akaandika mfamasia
wa mji nisioweza kuutamka, kwenye theluji:
jina lake nalo lilikuwa likikatwa,
na sasa amelisoma zima kwenye risiti yake mwenyewe.
Tima alinisomea mara mbili.

Halafu ikajulikana bandarini.
Kampuni ya kutoa mizigo, ghorofa ya vioo,
makontena mia kwa siku, yote juu ya programu ile ile,
na haki yao, sabili haiulizi kiu ya tajiri.
Lakini usiku ilipokwama walimpigia yeye,
Kisauni, saa nane, bando lake, betri yake,
mtoto analia. Akaziba ufa kabla ya alfajiri.
Wakamtumia picha ya vidole vilivyoshikana.
Ahsante, kwa rangi ya manjano.

Nilimsimulia Ami. Akakaa.
Alhamisi ile akafungua jalada jekundu,
chini ya umeme, juu ya mshahara wangu, akaandika:
Kuziba birika, kwa Tima, elfu tatu.
Na kila Alhamisi tangu hapo.
Si nyingi. Ameniagiza niwapelekee wale wa vioo
nakala ya ukurasa huo. Sijui kama waliusoma.

Jana bibi arusi wa Majengo alisimama mlangoni.
Nikaandika jina. Mashine ikalimeza na mikia yake yote,
ikanirudishia:
Ukining'ong'a Nang'ara. Sifuri.
Jina zima, dada.
Zimekwisha.